Besi Juu ya Sauti ya Mama

"Huyo si mama yangu! Huyo ni ng'ombe ameangukia kisimani!"

Chepchirchir alikuwa ameshika ua wa miti kwa mikono miwili yenye madoa ya majani ya chai. Jirani yake, mpiga muziki wa harusi huko Silibwet, alikuwa amekaa kibarazani na kompyuta mapajani, akilamba mafuta ya chapati vidoleni. Vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyoichezea sauti ya marehemu mama yake. 

"Jirani, hiyo programu ni kali," jirani akasema. "Nimeongeza besi, nikatia mwangwi. Tena ikisikia kimya inarukia wimbo mwingine, ndiyo wageni wa kesho wasisinzie."

"Nilimrekodi mwenyewe kwa simu, safi! Sina sauti yake nyingine, na wewe unataka kuipaka matope siku ya ukumbusho wake! Toa takataka yako. Yote!"

Jirani akasonya. Akazima besi, akazima mwangwi, akazima na ile ya kuruka kimya.

Rekodi ikaanza upya; mama yake Chepchirchir akaimba bila mapambo. Mwiko ukasikika ukikwaruza sufuria. Wimbo ukaisha, pakawa kimya kirefu, na Chepchirchir, ambaye hakuwa ameusikiliza tangu mazishi, akatema mate chini, akafungua mdomo amtukane tena jirani.

Kwenye spika, mama akakohoa.

"Na wewe utasimama mlangoni na hiyo simu mpaka lini? Ingia ule, ugali unapoa."