Joto la Saa Nne

Kipimajoto kilichochomekwa kwenye tundu la hewa ya kiyoyozi cha gari kilisoma nyuzi sita, na fundi alitamani kisome arobaini. Gari bovu likijifanya zima mbele ya fundi ni kama mtoto anayekuumbua mbele ya wageni.

"Sasa hivi ni baridi safi," alisema kinyonge.

"Hapa kwako, ndiyo," shemeji yake alijibu kutoka kwenye benchi. "Asubuhi nikitoka nyumbani, baridi. Ikifika saa nne tu, joto kama tanuri! Jana kufikia saa nane mchana shati lote lilikuwa limelowa."

Mara ya tatu hii. Mara ya kwanza fundi aliongeza gesi. Ya pili alibadilisha chujio, akaapa kwa jina la mama yake kwamba gari limepona. Kila mara aliliendesha hadi barabara kuu na kurudi, vioo vimefungwa, baridi ikimtetemesha kwa raha. Na kila mara shemeji alirudi baada ya siku mbili.

Angekuwa mteja mwingine, angemwambia akajaribu kwingine. Lakini huyu alikuwa kaka wa mkewe, bosi wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyeuliza siku ya posa, mbele ya watu wote: "Yaani dadangu anaolewa na grisi?" Miaka saba sasa, na hajawahi kumwita shemeji. Ni "fundi" tu. Na fundi bado alificha kucha zake kila walipokaa meza moja.

Halafu kulikuwa na ile ahadi. Mwaka jana bosi alitamka kwamba magari yote ya ofisini kwao, kumi na mawili, yatakuja kutengenezwa hapa. Fundi akamwambia mkewe, mkewe akawaambia majirani, na mchoraji akaandika ubao mlangoni: TUNAHUDUMIA MAGARI YA MAOFISI. Ofisi yenyewe haijaleta hata baiskeli. Majirani walianza kuuliza, na fundi alipopita chini ya ubao ule masikio yalimwaka kwa aibu.

"Ile habari ya magari ya ofisi, shemeji..."

"Tengeneza hili kwanza, fundi. Mwenda pole hajikwai."

Fundi akaingia stoo kutafuta bisibisi. Bisibisi gani? Ilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa anajificha tu, mtu mzima na ndevu zake. Alikaa juu ya tairi kuukuu karibu nusu saa, akiwaza atamwambia nini mkewe jioni, huku gari likinguruma nje.

Alipotoka, kipimajoto kilisoma ishirini na nane.

Alifungua boneti mbio. Feni ya mbele ilikuwa imesimama kimya. Akaigonga kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka kidogo, ikasimama tena.

"Nimekukamata, mshenzi wewe!" alipiga kelele. "Ni feni, shemeji! Ikipata moto inagoma. Gari likiwa mwendoni huwezi kujua, upepo wa barabarani unapoza kiyoyozi badala yake. Ndiyo maana kila nikiliendesha naona liko sawa, mjinga mimi! Shida inakuja likisimama muda mrefu huku linawaka."

Bosi aligeuza uso, akatazama barabarani. Pengine alikuwa amechoka kungoja.

Kufikia saa tisa feni nyingine ilikuwa imefungwa. Waliliacha gari limesimama, linawaka, saa nzima. Nyuzi sita, hazikupanda hata moja. Fundi alifurahi hadi akaamua kulifuta na ndani, bure. Akainua kiti cha dereva kilicholazwa chali, akakung'uta makombo, akamkabidhi bosi kibakuli chake cha chakula cha mchana.

"Sasa ukayalete yale kumi na mawili," alisema akicheka. Halafu kitu kikamjia, akauliza bila ubaya wowote: "Lakini shemeji, kwako hadi ofisini ni dakika kumi, tena hakuna foleni. Tangu saa nne hadi saa nane linasimama wapi, linawaka?"

Bosi aliutazama ubao wa mlangoni, akainamisha macho.

"Hospitali," alisema. "Kwenye maegesho."

"Eh! Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa." Alikizungusha kibakuli mikononi. "Walinipunguza kazini mwezi wa pili. Pale hospitali, mtu akikaa garini kutwa nzima na tai yake shingoni, hakuna anayemuuliza kitu. Wanampa pole tu, wanapita. Usimwambie dadangu, shemeji."