Macho Mapya ya Bi Mwanahawa

Siku hizi mjini karibu hakuna kipofu. Kila aliyepoteza macho huwekewa mengine, yenye vihisi vya mwanga vilivyoigwa kutoka jicho la binadamu, ila huzoea giza upesi kuliko hilo. Wiki ile ilifika zamu ya Bi Mwanahawa, mama mkwe wa Tunu.

Tunu alipiga vigelegele pamoja na majirani. Alichosahau ni uso wake mwenyewe. Miaka yote ya kumlea mama huyo alikuwa akimwitikia kwa sauti ya asali huku ameibinua midomo, maana nani angeona? Uso ukazoea.

Mchana mmoja alikuwa akikuna nazi jikoni, gizani, naye mama mkwe ameketi uani juani.

"Tunu mwanangu, nipatie maji."

"Abee mama, naleta!" aliitikia kwa utamu, midomo imebenuka, macho ameyapindua juu.

Alipogeuka, Bi Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni. Mtu mwingine akitoka juani huona kiza kwanza. Macho yale hayakungoja.

"Kumbe ndivyo unavyoniitikia."

"Mama, ni moshi tu..."

"Moshi wa nazi, mwanangu?"

Tunu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bi Mwanahawa hakumwambia mtu, hata mwanawe. Ila tangu siku hiyo, kila asikiapo hatua za Tunu, hugusa kipaji cha uso, kisha hunyoosha mkono na kupapasa hewani akitafuta kikombe.

"Ingia tu, mwanangu," humwambia kwa upole. "Nimeshayazima macho."