Aliyeitikia Salamu

Mimi sipendi ujumbe wa sauti. Simu inanasa hata usichokikusudia: kikohozi, paka, ugomvi wa jirani. Lakini dada yangu yuko Maskati na kusoma hataki, basi namrekodia hivyo hivyo.

Leo adhuhuri nilikuwa namlalamikia joto huku nafungua mlango. Nikatoa salamu, kama tulivyolelewa, hata nyumba ikiwa tupu. Yangu ni tupu tangu mama afariki. Nikautuma.

Dada akajibu papo hapo: "Una mgeni wala hunambii? Nani huyo aliyekuitikia?"

Nikausikiliza ule ujumbe wangu, simu sikioni, mguu mmoja bado umo kiatuni. Mlango ulilia. Nikasikia salamu yangu. Kisha kwa mbali, taratibu: "Waalaykumu salaam."

Mama mwenyewe ndiye aliyetukanya tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu.

"Amour."

Simu ilikuwa imeshanyamaza. Sauti ilitoka juu, ghorofani, na ilikuwa yake.

Mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka arubaini, haukuningoja.

"Naam, mama."