Sauti za Mtoto wa Watu

Jamani, mtasema naongopa, lakini hili limetokea! Siku hizi simu zote ziko wazi, unapiga hodi kwenye mafaili ya mtu yeyote na kuchukua unachotaka. Basi Mwanahawa akapata ujumbe wa mwanamke wa Tabora asiyemjua: "Dada, mwambie mumeo aache kuchukua sauti za mwanangu. Kila siku yumo humu, ana nini huyo?"

Akapiga hodi kwenye mafaili ya mumewe, Shomari. Akakuta sauti mia mbili za kitoto cha kike kikiita, "Baba, njoo uone!"

Binti yao alikufa kabla hajajua kusema.

Shomari alikuwa chumbani, simu sikioni, akijibu, "Nakuja, mama, nakuja."

Yule mwanamke akaandika tena: "Umemwambia?"

Wewe ungemjibu nini?