Mama Hana Haraka

Kiyoyozi cha jirani kilipoanza kunguruma saa saba mchana, Bi Mize alikwama katikati ya sentensi. Umeme wa mtaa ulikuwa umezidiwa, na mtambo unaougawa ulikipunguzia kasi kifaa kilichopandikizwa kichwani mwake kumsaidia kusema.

"Mnamnyima mama yangu, mnakipa kiyoyozi? Hamna haya?" binti yake, Maimuna, alikifokea kisanduku cha mtambo ukutani.

"Kiyoyozi kimesajiliwa kuwa cha haraka," kikajibu kwa upole. "Mama yako uliandika kuwa hana haraka."

Ni kweli. Siku ya kujaza fomu ya mgao wa umeme Maimuna alimuuliza aandike nini, naye mama akajibu kwa adabu zake zilezile: "Watangulie wenzangu, mwanangu. Mimi sina haraka."

Maimuna alikipiga kisanduku ngumi mpaka damu ikamtoka. Nyuma yake mama alianza kumwita: "Mai..."

Alipomalizia "...muna," alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa.