Kinanda Bubu

Vestine alibonyeza kibao cha katikati, na chumba kikabaki kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu. Kilichosikika ni kibao chenyewe kugonga chini, kama ukucha juu ya meza.

"Hakina sauti," alisema.

"Kinahitaji boksi la kukipa sauti," alijibu Habiyaremye. "Boksi sikuliagiza."

Habiyaremye aliuza redio na vifaa vya umeme mjini Kigali. Asubuhi hiyo alikuwa amemtuma dereva wake mtaa wa Gatsata akamchukue Vestine, mpiga kinanda wa parokia, aje nyumbani kwake Kibagabaga kupima kinanda kilichotoka Ubelgiji.

Vestine hakutaka kuja. Ilikuwa Februari 1994. Kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi, na watu walikuwa wameanza kuuawa mjini kwa ajili ya neno hilo. Tena mama yake, Mukabalisa, aliaga jana kwamba anakwenda Gahanga kwa mdogo wake, na leo mapema mtu wa Gahanga alikuja kuuliza mbona hakufika. Lakini dereva alisimama mlangoni bila kuzima gari, na kumkatalia tajiri siku zile kulitaka moyo ambao Vestine hakuwa nao. Alisali njia nzima.

"Nipimie vibao tu," alisema Habiyaremye. "Mtu aliyezoea piano ya kweli atatosheka navyo? Si kwa siku moja. Kwa muda mrefu."

Vestine alipitisha vidole toka kushoto hadi kulia. Vibao vya kushoto vilikuwa vizito, vya kulia vyepesi, kama inavyopasa. Akapiga kimoja harakaharaka, vidole vikipokezana. Kilirudi juu bila kuchelewa. Akakibonyeza polepole kabisa, akahisi uzito ukiusukuma mkono wake, kana kwamba ndani mlikuwa na nyundo. Kwa kitambo kidogo alisahau alipokuwa.

"Ni vizuri," alisema. "Vizuri kuliko vya parokia. Mkono hautaharibika."

"Hata akipiga miezi?"

"Hata miezi."

Nje, kwenye baraza, Hakizimana, kaka wa mke wa Habiyaremye, alikuwa akinywa bia na wenzake. Redio yao ilikuwa ikitaja majina ya Watutsi na kuwaita maadui.

"Shemeji," aliita Hakizimana, "huyo mwalimu wako anapiga kinanda au anakipangusa vumbi?"

Wenzake wakacheka.

"Ah, mwache," alidakia mmoja wao. "Kinanda bubu ndicho kizuri. Wenye midomo tutawanyamazisha wenyewe."

Habiyaremye alicheka pamoja nao. Kisha akafunga dirisha na kushusha pazia nene.

"Kile kikohozi chako cha Krismasi kimeisha?" aliuliza bila kugeuka.

"Kimeisha, mzee."

"Nani anajua uko hapa?"

Vestine alitaka kusema parokia nzima inajua. Lakini hakuwa na mazoea ya kudanganya, na ulimi ukamsaliti.

"Hakuna."

"Vema. Sasa piga wimbo mzima, kama unavyopiga kanisani. Mimi natoka nje. Nataka kujua ni nini kinachosikika huko."

Mlango ulipofungwa, Vestine aliuona mwavuli. Ulikuwa umeegemezwa katikati ya kabati na ukuta, mpini wake umezungushiwa uzi mwekundu. Uzi ule aliufunga yeye mwenyewe Jumapili, mpini ulipopasuka. Ulikuwa mwavuli wa mama yake.

Sasa alielewa kwa nini mtu huyu alitaka kujua kama sauti ya chumba hiki hufika nje. Dirisha limefungwa. Kati yake na geti kuna wanaume wenye bia. Hapakuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kwa Mungu, na sala za Vestine tangu utoto zilikaa vidoleni. Alifumba macho, akapiga wimbo wa Komunyo toka mwanzo hadi mwisho, akimwomba Bwana ampokee mama yake kwanza, kisha yeye.

Alipofumbua macho, Habiyaremye alikuwa ndani, anazungusha ufunguo mlangoni. Aliutazama mwavuli, kisha uso wa Vestine. Akauchukua mwavuli, akaushika mkononi.

"Kinanda hakisikiki," alisema kwa sauti ya chini. "Anayesikika ni wewe."

"Mimi?"

"Unaimba puani ukipiga. Kila Jumapili nakusikia nikiwa benchi ya pili, na sasa nimekusikia chini ya dirisha. Mazoea hayo yamekwisha leo, mwalimu. Hutaimba tena."

Vestine alipiga magoti. Akafanya ishara ya msalaba.

Habiyaremye akafungua mlango kidogo, akapaza sauti ili baraza yote isikie. "Asante, mwalimu, umenisaidia. Pita mlango wa nyuma, mbwa amefungwa."

"Msindikize vizuri, shemeji," alijibu Hakizimana, na kicheko kikafuata.

Habiyaremye akafunga tena kwa ufunguo. Hakumgusa Vestine. Aliweka bega kwenye kabati, nalo, likiwa juu ya blanketi lililokunjwa, likateleza bila kelele. Nyuma yake ukuta ulikuwa na tundu la kumtosha mtu aliyeinama.

"Ingia," alinong'ona. "Kinanda nitakuletea."

Ndani, juu ya godoro moja kati ya mawili yaliyotandikwa, Mukabalisa alikuwa ameketi na rozari yake. Alimtazama binti yake, akaweka kidole midomoni.