Lengo la Mwanahija

Kliniki ya nyonga humpa kila mwanamke nafasi ya lengo moja, alitamke mwenyewe, na kifaa wanachompandikiza humkazia misuli ya kuzuia mkojo pale tu anapotenda lengo hilo, maisha yake yote. Siku Mwanahija alipoulizwa lake, mama mkwe alikuwa kakaa pembeni. Angesemaje mbele yake kwamba akicheka mkojo unamtoka? Akasema, "Niweze kubeba ndoo ya maji."

Jana alirudi kuomba abadilishiwe. "Lengo lako limeshatimia, dada," muuguzi akamjibu.

Leo mawifi wamejaa sebuleni, wanasimulia vituko vya harusini. Kicheko kinampanda. Mwanahija anatoka mbio hadi uani, anainua ndoo iliyojaa, ndipo anacheka, peke yake.

"Mnamwona wifi yenu?" mama mkwe anasema. "Hajui kukaa bure."